Mia Moja kwa Siku: Jinsi ya Kukaa na Gari Dogo Miaka Mingi

Simama barabarani asubuhi kati ya Junda na Mishomoroni, hutakosa kuyaona: Vitz, Passo, Demio, March. Ni magari ya mtumba kutoka Japani. Watu huyapenda kwa sababu hayanywi mafuta sana, spea zake hazisumbui kupata, na fundi wa mtaani anayajua vizuri. Lakini pia si ajabu kumsikia mtu akiuza lake kwa hasara baada ya mwaka mmoja tu: "Gari hii inanimaliza!"

Mara nyingi shida si gari. Pesa zote ziliishia kwenye kununua, ya kulitunza haikubaki. Somo la leo ni jinsi ya kuipanga pesa hiyo kwa simu yako.

1. Kumbuka gari lina umri tayari

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo hata lile "jipya" lililotoka bandarini juzi huenda lina miaka saba. Ukinunua kwa mtu aliyelitumia hapa miaka mitano, hesabu kumi na miwili. Bado linaweza kukutumikia sana, ila litadai matunzo.

2. Piga hesabu kwa kilomita

Tuseme unaishi Junda na unafanya kazi kisiwani. Kwenda, kurudi na mizunguko midogo ni kilomita 25 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni kilomita 650 kwa mwezi. Bei zifuatazo ni za mfano, weka zako.

- Oili na filta: 5,000 kila kilomita 5,000. Ni shilingi moja kwa kilomita, yaani 650 kwa mwezi.
- Tairi nne: 24,000, zidumu kilomita 40,000. Ni senti 60 kwa kilomita, yaani 390 kwa mwezi.
- Betri: 9,000 kwa miaka miwili, yaani 375 kwa mwezi.

Jumla ni 1,415. Ongeza 1,585 ya breki, oili ya giaboksi na dharura, upate 3,000 kwa mwezi. Hiyo ni mia moja kwa siku. Petroli na bima ziko kando.

3. Itenge kabla hujaitumia

Mia ikibaki kwenye salio la kawaida, itaondoka na vocha au chapati. Fungua akiba yenye lengo kwenye simu, uipe jina "Gari", kisha tuma mia kila siku au 700 kila Jumapili. Usiifunge yote kwa miezi mingi. Acha kiasi unachoweza kutoa siku gari likizima Nyali Bridge.

4. Lipa kwa simu, weka rekodi

Ukimlipa fundi au duka la spea kwa simu, ujumbe wa malipo ni risiti yako. Andika kando kilomita za siku hiyo na kilichofanywa. Baada ya miaka mitatu utajua oili ilibadilishwa lini, na siku ya kuuza utakuwa na cha kumwonyesha mnunuzi.

Kwa sisi wa Pwani kuna mambo mawili zaidi. Hewa ya chumvi hula bodi, kwa hivyo osha chini ya gari pia, si juu pekee. Na maji ya kisima yenye chumvi usiyatie kwenye rejeta hata kama yako karibu. Nunua kupoza injini kwa kulenti. Ni rahisi kuliko kufungua injini iliyochemka.

5. Usiweke logibuku rehani kwa sababu ya giaboksi

Asiye na akiba, gari likiharibika, hukimbilia mkopo wa logibuku. Ukishindwa kulipa, anayekudai anaweza kulichukua gari na kuliuza. Utakuwa umekopa ili utengeneze gari, halafu unarudi kupanda matatu na deni juu.

6. Kama bado hujanunua

Usitume "ya kushikilia" kwa muuzaji uliyekutana naye mtandaoni kabla ya kuliona gari na kulikagua na fundi wako. Tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen uone kama jina la mwenyewe ni la huyo anayekuuzia. Ada za eCitizen hulipwa kwa Paybill 222222, si kwa nambari ya mtu binafsi. Kisha hakikisha umiliki umehamishwa kwa jina lako. Funguo pekee si umiliki.

Zoezi la wiki hii

Leo jioni soma kilomita kwenye dashibodi, uziandike. Soma tena baada ya siku saba. Zidisha tofauti kwa nne, kisha rudia hesabu ya hatua ya 2 kwa bei za fundi wako. Huenda ukapata 80, huenda 150. Hiyo ndiyo mia yako. Anza kuiweka kesho.