Maua ya Mwembe Siyo Mavuno

Katika pwani ya Afrika Mashariki miembe mingi huchanua wakati wa kipupwe, na embe hujaa sokoni kuanzia Novemba. Wapo wachuuzi wasiosubiri hadi wakati huo. Wao hununua mazao ya mti mzima ukiwa bado na maua. Biashara hii ina faida kwa anayeufahamu mwembe, na hasara kwa anayehesabu maua.

Shada moja huwa na mamia ya maua, hata maelfu. Mengi ni ya kiume, hayawezi kuzaa. Yaliyobaki nayo hupukutika, na kwa kawaida hata ua 1 kati ya 100 halifikii kuwa embe la kuvunwa.

Mavuno hubadilika kwa sababu kubwa mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa. Mwembe huhitaji ubaridi au ukavu ili uchanue. Mvua ikinyesha wakati wa maua, ugonjwa wa chule huyaunguza mashada na wadudu wachavushaji hupungua.

Sababu ya pili ni uchovu wa mti. Mwembe uliozaa sana humaliza akiba yake ya chakula, na matawi yaliyobeba embe huchelewa kutoa machipukizi ya kuchanua msimu unaofuata. Ndiyo maana mwaka wa neema mara nyingi hufuatwa na mwaka wa uhaba. Embe ngowe lina sifa hiyo. Tommy Atkins huzaa kwa wastani kila mwaka. Mvua ikiharibu maua ya eneo zima, miti hupumzika pamoja, na mwaka wa pili huweza kuzaa pamoja. Hapo bei huanguka.

Chukua mfano. Mchuuzi analipa Sh. 60,000 akitarajia embe 600, yaani Sh. 100 kila moja. Zikikomaa 200 tu, kila embe limemgharimu Sh. 300 kabla ya kulipia uchumaji, magunia na usafiri.

Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza mti ulizaa kiasi gani mwaka uliopita. Ni busara pia kulipa sehemu wakati wa maua, na kumalizia matunda yanapofikia ukubwa wa yai. Mkulima naye hunufaika kwa mpango huo, kwani anayeuza maua kwa bei ya kutupa hukosa bei nzuri ya mwaka wa uhaba.