Maswali na majibu: Utando wa ngozi ndani ya titi jipya

Maswali ya saratani ni nini na titi hukatwaje nayaacha wiki hii. Nimechukua yanayonikera, yote kutoka kwa waliokatwa titi wakawekewa kipandikizi cha silikoni kinachoshikiliwa na utando wa ngozi.

Daktari, titi limevimba, limejaa maji. Mwili umeikataa ngozi ya maiti? (Barua nne, nazijibu pamoja.)

Hilo neno "kukataa" limenichosha. Figo ya mtu mwingine hukataliwa kwa sababu inakuja na seli zake, na kinga ya mwili huzijua kuwa si za nyumbani. Utando huu, uwe umetokana na ngozi ya marehemu, ya nguruwe au ya ng'ombe, umeoshwa kiwandani hadi seli zikaondolewa. Zimebaki nyuzi za kolajeni, mfano wa nyumba iliyohamwa na wapangaji. Ndiyo maana hukuandikiwa vidonge vya kushusha kinga kama mgonjwa wa figo.

Mishipa yako midogo ya damu ndiyo inayotakiwa kuingia humo, na seli zako zihamie. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na muda wote huo utando hauna damu ya kutosha. Maji yakituama kati yake na ngozi yako, mishipa haivuki. Bakteria wakipenya, dawa haiwafikii vizuri, maana dawa nayo husafiri na damu. Tena ngozi ya titi iliyobaki ikiachwa nyembamba mno hufa ukingoni, mshono ukaachia, kipandikizi kikachungulia. Kwa hiyo tafuta maji, tafuta bakteria, tafuta ngozi iliyokosa damu. Anayekuuzia "dawa ya kusafisha damu" kwa madai ya kukataliwa anakuibia.

Mrija wa kutoa maji unanisumbua. Niuchomoe mwenyewe?

Hapana. Andika mililita za kila siku, umpelekee aliyekupasua.

Titi limekuwa jekundu lakini sina homa. Ni usaha?

Huenda siyo. Upo wekundu unaokaa juu ya eneo la utando tu, bila homa wala maumivu kuzidi, na hupungua wenyewe. Lakini hilo haliamuliwi mbele ya kioo cha chumbani. Isitoshe, kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haufanani na picha za vitabu vya Ulaya. Mara nyingi utaona zambarau au weusi uliozidi. Gusa matiti yote mawili kwa mgongo wa mkono ulinganishe joto. Ukiona homa, maumivu yanayopanda au majimaji yenye harufu, nenda siku hiyo hiyo. Nilimpokea mama aliyekaa siku tisa akipakwa asali na mafuta ya habasoda. Tulitoa kipandikizi na utando, vyote viwili.

Si afadhali upasuaji mmoja, yaishe?

Waholanzi waliyapima hayo katika hospitali nane, wakatangaza matokeo mwaka 2017. Kwa waliowekewa kipandikizi na utando kwa mkupuo mmoja, ilibidi kutoa kipandikizi, utando au vyote katika asilimia 26 ya matiti. Kwa waliofanyiwa kwa hatua mbili bila utando, asilimia 5. Zililinganishwa njia nzima mbili, kwa hiyo siutwishi utando lawama yote. Lakini mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikumbusha kwamba haijaidhinisha utando wowote wa aina hii kwa kutengeneza titi, na kwamba aina mbili zilionekana kuwa na madhara zaidi. Mwenye kisukari, mnene sana, au anayesubiri mionzi asiharakishwe na mtu.

Navuta shisha, si sigara. Marufuku ya kuvuta kwa anayepasuliwa hainihusu?

Inakuhusu. Nikotini ni ile ile.

Mimi ni Muislamu. Nitajuaje kama ni ya nguruwe?

Uliza kabla ya kusaini fomu, na jibu liandikwe. Upo utando wa ng'ombe na wa binadamu, zipo nyavu za kutengenezwa, na wapo wasiohitaji chochote. Hukumu ya dini mwachie sheikh wako. Asili ya utando ni jukumu la daktari kukwambia. Na kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, omba vibandiko vyenye jina na namba ya utando na ya kipandikizi, uvibandike kwenye daftari lako la kliniki.