Usukani Unacheza? Usikimbilie Kununua Boksi

Pikapu za Kolwezi hazina maisha marefu ya starehe. Asubuhi zinabeba mifuko ya madini kwenda kwenye depo za Musompo, jioni makala, Jumamosi wageni wa harusi. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kila palipo na grisi, na mawimbi ya barabara ya udongo yanalegeza kila nati. Mvua zikianza, mashimo yanajificha chini ya maji. Siku moja unakata kona, usukani unazunguka, na gari bado linakwenda moja kwa moja.

Ukilipeleka kwa fundi wa kando ya barabara, jibu huwa tayari kabla hajainama: "Yaya, boksi limekufa." Huenda ni kweli. Lakini boksi la usukani ndicho kipande ghali kuliko vyote katika safu hiyo, na mara nyingi kosa liko kwenye kitu kidogo kilicho mbele yake. Anza chini kwenye tairi, upande taratibu hadi boksi. Unahitaji jeki, tochi, kitambaa, na mtu mmoja mwenye subira.

1. Taja ugonjwa kwa jina lake.

Usukani kucheza ni kuuzungusha kidogo na tairi zisijibu. Gari kuyumba ni jambo jingine: usukani umetulia lakini gari linatangatanga. Kutetemeka ni jambo la tatu, na kuvuta upande mmoja ni la nne. Kila moja lina njia yake, na fundi asiyekuuliza ni lipi kati ya hayo ameshaanza kubahatisha.

Kuhusu kuvuta, kumbuka kwamba Congo tunapita kulia na lami imeinamishwa pembeni ili maji yatiririke. Gari lolote litaelekea kulia kidogo ukiuachia usukani. Lipeleke mahali palipo tambarare kabla hujalihukumu.

2. Pima, usikisie.

Nyoosha tairi za mbele. Kama usukani una pawa, washa injini. Bandika kipande cha utepe kwenye ukingo wa usukani, kisha uzungushe kwa kidole kushoto na kulia huku mwenzako akiitazama tairi ya mbele. Pima umbali ambao utepe unatembea kabla tairi haijaanza kusogea. Vitabu vya Toyota kwa pikapu nyingi za zamani vinaweka kikomo cha milimita 30 hivi. Ukipata 20 kwenye gari la mwaka 1994, shukuru Mungu, ukatafute ugonjwa kwingine. Ukipata 70, endelea kusoma.

3. Upepo na mzigo kwanza, kwa sababu ni bure.

Tairi za mbele zenye upepo mdogo, au moja ngumu na nyingine laini, zinatosha kulifanya gari zuri lionekane limechoka. Pima zikiwa baridi. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, kutoka nje kwenda ndani halafu kinyume chake. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakukwaruza kama meno ya msumeno, tairi hazitazami mbele sawasawa, na huenda kuna kiungo kilicholegea kinachoziruhusu kufanya hivyo.

Mzigo nao. Ukirundika mifuko nyuma ya ekseli, pua ya gari inainuka na tairi za mbele zinaigusa barabara kwa adabu tu. Usukani unakuwa mwepesi na hausikii. Liendeshe gari tupu. Kama ugonjwa umepona, huhitaji spea yoyote. Punguza mifuko, au isogeze mbele karibu na kabini.

4. Inua tairi, uitikise kwa njia mbili.

Weka jeki, kisha gogo imara au stendi chini ya ekseli au chasisi. Jeki peke yake haiaminiki, hasa kwenye udongo wetu. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, beringi za gurudumu zimelegea, na hiyo ni kazi ya kukaza, kubadilisha grisi, pengine kununua beringi. Mchezo ukibaki, tazama rotuli za juu na za chini (mafundi wa upande wa Tanzania wanaziita boljointi), au kingpini kwa Land Cruiser yenye ekseli nzima mbele.

Sasa shika kushoto na kulia. Ikicheza hivi na si kwa juu na chini, kosa liko kwenye fimbo za usukani. Hamia kidokezo kinachofuata.

5. Kipimo cha watu wawili, ambacho kinashinda vingine vyote.

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili. Gari likae chini kwa tairi zake zote, hendibreki juu, gia huru, kabari nyuma ya tairi, injini ikiwaka kama kuna pawa. Mwenzako auzungushe usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila kuchoka na bila kugusa gia. Wewe lala chini mbele ya gari na tochi. Vidole vyako vitafanya kazi kuliko macho: weka kimoja upande huu wa kiungo na kingine upande wa pili.

Fuata nguvu inavyosafiri. Nondo inayoshuka kutoka kabini inaingia kwenye boksi. Chini ya boksi kuna mkono mfupi. Mkono unasukuma fimbo, fimbo inasukuma nyingine, na mwishoni tairodi inalipindua gurudumu. Kila mahali vipande viwili vinapokutana, jiulize swali moja: je, vinatembea pamoja? Kimoja kikisogea na jirani yake akisubiri, umempata mwizi. Kiungo kibovu pia hupiga kok, na vidole vinausikia mlio huo kabla ya masikio.

Futa kila rotuli kwa kitambaa kwanza. Kofia ya mpira iliyopasuka ni hati ya kifo: vumbi la kiangazi limeshaingia, mvua imeshaosha grisi, na chuma kinasaga chuma. Lakini usidanganyike na kofia nzima, maana wapo wanaovisha mpira mpya juu ya rotuli iliyokwisha.

Kwenye Hilux za miaka ya 1990 zenye tairi za mbele zinazopanda na kushuka kila moja peke yake, utazame sana mkono wa upande wa pili, mkabala na boksi. Unashikilia ncha ya fimbo ya katikati, na bushi zake hukwisha bila mtu kuzikumbuka. Kama mkono huo unapanda na kushuka usukani unapochezeshwa, badala ya kuzunguka tu, umeokoa bei ya boksi. Kwa maoni yangu huyo ndiye mshukiwa anayesahaulika kuliko wote.

Hilux aina ya Vigo, zilizoanza kutoka mwaka 2004 na 2005, hazina boksi la namna hii. Zina kremaleri, yaani nondo yenye meno inayosukuma tairodi moja kwa moja. Hapo tazama bushi zinazoishikilia kwenye chasisi, kama inahama nzima kushoto na kulia, na rotuli za ndani zilizofichwa kwenye viatu vya mpira. Vibonyeze viatu hivyo kwa mkono huku usukani unachezeshwa.

6. Ukiwa bado chini, tazama boksi linavyokaa.

Sizungumzii ndani yake. Tazama boliti zinazolifunga kwenye chasisi. Boksi zima linaweza kuwa linahama kila usukani unapokatwa, kisha fundi akaapa kwamba limekufa kwa ndani. Kaza boliti kwanza. Mstari mwembamba wa kutu unaopita kwenye rangi ya chasisi karibu na boksi ni ufa, na ufa ni kazi ya mchomeleaji anayejua kazi yake, si ya siku ya mwisho kabla ya safari. Kagua pia kiungo cha nondo ya usukani, kile chenye misalaba au raba, kati ya kabini na boksi.

7. Nyuma nako kunaendesha gari.

Bushi za springi zikikwisha, au yuboliti zikilegea, ekseli ya nyuma inajipinda kidogo kila unapokata na kila unapokanyaga mafuta. Ukiwa kwenye kiti utaapa ni usukani. Piga yuboliti spana, kisha bushi zitikise kwa nondo. Dakika tano.

8. Land Cruiser inayotetemeka haihitaji shokapu ya usukani tu.

Land Cruiser 79, iliyoanza kuuzwa 1999, bado ina ekseli nzima mbele. Ikigonga shimo kwenye mwendo wa 70 kisha usukani ukaanza kutikisika hadi upunguze mwendo, wengi wanabadilisha shokapu ile ndogo iliyolala kwenye fimbo, na gari linatulia. Linatulia kwa muda. Shokapu inanyamazisha kelele tu. Ugonjwa huwa kwenye beringi za kingpini, rotuli, au tairi zisizo na balansi.

9. Sasa boksi, kama bado unalishuku.

Katika kile kipimo cha watu wawili, nondo inayoingia ikizunguka na mkono wa chini ukakaa kimya, boksi linahusika. Juu yake kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Tairi zikiwa zimenyooka kabisa, legeza nati, kaza skrubu kidogo sana, pungufu ya robo mzunguko, funga, ujaribu. Sababu ya kunyoosha tairi ni kwamba meno ya boksi yanabana zaidi yakiwa katikati. Ukikaza tairi zikiwa zimekatwa, utakapozinyoosha litang'ang'ania. Dalili ya kukaza kupita kiasi ni usukani usiorudi wenyewe baada ya kona. Hapo umeanza kulila boksi lililokuwa zima.

10. Dukani na gereji.

Chukua kipande cha zamani mkononi. Tairodi moja ina nyuzi za kulia ncha hii na za kushoto ncha ile, kwa hiyo mwambie muuzaji ni upande gani. Rotuli mpya inageuka kwa ugumu ulio sawa kila upande. Ikianguka yenyewe ukiiinamisha, irudishe. Kabla ya kufungua ya zamani, pima urefu wake au hesabu mizunguko inavyotoka, ili mpya ikae palepale. Hata hivyo peleka gari likapimwe paralelizimu (kama tairi zinatazama mbele sawasawa) baadaye, la sivyo utakula tairi mpya kwa wiki chache.

Mambo mawili ya kukataa bila aibu, hata kama fundi ni shemeji yako. La kwanza, rotuli iliyochomelewa au kujazwa kipande cha bati ili isicheze. La pili, msumari au waya mahali pa kotapini. Pini hiyo ndiyo inayoizuia nati isifunguke njiani.

11. Mahali pa kujaribu.

Si barabara ya Likasi. Zile kilomita 180 hivi unagawana na malori ya shaba yanayokwenda Kasumbalesa na matangi ya asidi ya salfa yanayokwenda migodini. Februari 2019, katika barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, lori la asidi liligongana na magari mengine na watu wasiopungua 18 wakafa. Jaribu gari tupu kwenye uwanja au mtaa mtulivu, kwa mwendo mdogo, ukikata hadi mwisho pande zote mbili.

Na ukikuta rotuli inayochomoka kwa mkono, au kotapini haipo kabisa, usiseme utalifikisha nyumbani polepole. Rotuli ikiachia, tairi moja inakwenda kulia na nyingine kushoto, na usukani mkononi mwako hauna kazi tena. Liache hapo hapo, umwite fundi aje na spea yake.