Akili Unde Kazini: Funzo la Majani Sita ya Mhogo

Mkulima wa mhogo anayeona majani yamejikunja na kupauka hukabiliwa na swali moja: ang'oe au aache? Akiacha kimakosa, batobato itasambazwa na inzi weupe hadi shamba la jirani, na itasafiri tena ndani ya vipando vya msimu ujao. Aking'oa kimakosa, ameipunguzia nyumba yake chakula. Kwa ajili ya swali hilo ilibuniwa Nuru, programu ya simu janja iliyotengenezwa na watafiti wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Mtumiaji huelekeza kamera kwenye jani, na programu humwambia, hata pasipo intaneti, kama inaona batobato, michirizi ya kahawia au jani lenye afya.

Matokeo ya majaribio yake, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanastahili kufahamika kwa kila anayehudumia au kuhudumiwa kwa mashine za namna hii. Wakulima walitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 18 hadi 31, maafisa ugani asilimia 40 hadi 58, na Nuru asilimia 65. Wengi wangeishia hapo na kutangaza kwamba mashine imemshinda mtaalamu. Lakini asilimia 65 maana yake ni kwamba takribani jibu moja katika kila matatu si sahihi, na jibu moja baya latosha kumaliza jaruba zima. Mmea mmoja ulipochunguzwe kwa majani sita badala ya moja, usahihi shambani ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Ongezeko hilo halikuhitaji simu ya bei kubwa zaidi. Lililetwa na utaratibu wa kazi. Sababu yake mkulima mzoefu anaijua: batobato hujionyesha zaidi kwenye majani machanga ya juu, ilhali michirizi ya kahawia huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Anayepiga picha jani lililo usawa wa kifua chake, kwa kuwa jua ni kali na kuinama ni adha, hupewa jibu la jani hilo na si la mmea.

Mahali hapo ambapo mwili na akili ya mtu hukutana na chombo cha kazi pana elimu yake, nayo huitwa ergonomia. Jina hilo lilitumiwa mwaka 1857 na mwanasayansi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, kutoka maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kazi na kanuni. Wengi huidhania kuwa ni elimu ya viti na meza za ofisini. Viti vimo, lakini mfano wake mashuhuri unatoka angani. Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa bado inakimbia ardhini. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alibaini kwamba wenzo wa magurudumu na wenzo wa vibapa vya mabawa vilikaa pamoja na kufanana. Dawa yake haikuwa kuwaadhibu marubani. Kishikio cha wenzo wa magurudumu kilipewa umbo la gurudumu, ili hata mkono wa rubani aliyechoka uweze kukitambua gizani.

Kwa upande wa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, somo kama hilo lilipatikana Thailand. Watafiti wa Google waliwafuatilia wauguzi katika zahanati 11 za majimbo ya Pathum Thani na Chiang Mai, waliopewa mfumo wa kusoma picha za ndani ya jicho ili kubaini madhara ya kisukari yanayoweza kuleta upofu. Awali majibu ya mtaalamu yaliweza kuchukua hadi wiki 10. Mfumo ulitoa jibu kwa dakika chache, na katika maabara usahihi wake ulilingana na wa mabingwa. Zahanati, hata hivyo, haikuwa maabara. Vyumba vingi havikuweza kutiwa giza, picha zikatoka hafifu, na mfumo ulikuwa umetengenezwa kukataa kila picha isiyo safi. Kati ya picha 1,838, asilimia 21 zilikataliwa. Mgonjwa ambaye picha yake imekataliwa alielekezwa kwenda kwa bingwa kwingine siku nyingine, hata pale muuguzi alipoona hakuna tatizo.

Kwa mtu asiye na nauli, maelekezo hayo ni siku ya kibarua iliyopotea. Wauguzi walilijua hilo, na baadhi yao wakawa wanawakatisha tamaa wagonjwa wasikubali kupimwa na mfumo. Picha pia zilihitaji intaneti. Katika zahanati moja mtandao ulikatika kwa saa mbili, na idadi ya waliopimwa siku hiyo ikashuka kutoka 200 hadi 100.

Taasisi nyingi hujibu hofu za namna hii kwa ahadi moja: mtumishi atahakiki majibu yote ya mashine. Ahadi ni njema, ila yategemea imepangwaje. Mwaka 1948 mtafiti wa Uingereza, Norman Mackworth, alichapisha matokeo ya jaribio la watu waliokaa wakitazama mshale wa saa ili wataje kila mara unaporuka hatua mbili kwa pamoja. Baada ya nusu saa ya kwanza, walianza kupitwa. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge akaongeza hoja nzito zaidi: kadiri mashine inavyofanya sehemu kubwa ya kazi, ndivyo mtu anavyopoteza mazoezi, na bado ni yeye anayeachiwa nyakati ngumu kuliko zote. Mtumishi anayebonyeza “kubali” kutwa nzima hahakiki chochote. Ni afadhali aandike kwanza maoni yake, ndipo afungue ya mashine. Apewe muda wa kufanya hivyo, na asihojiwe kila anapoikataa kana kwamba amekosa nidhamu.

Mkazi anayepewa jibu la mashine anaweza kuuliza ni taarifa gani zilizotumika, ni nani aliyelipitia, na afanye nini asiporidhika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inampa mhusika haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usifanywe kwa kutegemea mitambo peke yake. Anayeona haki hiyo imekiukwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.