SOMO LA MIKONO: NUNGU WA FROMAJI KWA WATOTO WA NOELI



Noeli inakaribia na wengi wetu wa sehemu ya pedagojia tutapewa tena kazi ya kuangalia watoto wa ekodim. Tunajua vile inakuwaka: nyimbo, maigizo ya wachungaji, kisha biskwi moja moja na kila mtoto anarudi kwao. Mara hii tunaleta somo lingine, nalo ni kutengeneza nungu kwa fromaji. Ni chakula kidogo cha kufungulia karamu, mbele ya wali na maharagi, na watoto wenyewe ndio wanakitengeneza kwa mikono yao.

Wako watu watakaouliza: fromaji ya nini, si ni chakula cha wazungu? Tunajibu kwamba fromaji ya Masisi ni ya hapa kwetu. Ufundi wake uliletwa na mapadri wa Ubelgiji katika miaka ya 1970 (wasomaji waprotestanti wasiudhike, jambo jema tulishukuru popote linapotoka), na tangu hapo wafugaji wa milimani waliushika mpaka ukawa wao. Ng'ombe walimalizika karibu wote katika vita vya miaka ya 1990, wakarudishwa pole pole, na kazi ikaanza tena. Boule zinapita hapa Sake juu ya mamoto na malori, zinaenda Goma, na kutoka Goma zilikuwa zikivuka mpaka Kinshasa. Tena Biblia inaijua jibini: katika 1 Samweli 17:18 Yese anamtuma kijana wake Daudi apeleke jibini kumi kwa mkubwa wa jeshi. Bila safari ile Daudi hangekutana na Goliati siku ile.

Lakini iko jambo linalotusumbua. Wako watoto katika ekodim yetu ambao baba zao au babu zao walichunga ng'ombe, wanaona boule zinapita barabarani kila juma, na hawajaonja hata kipande. Maziwa yanatoka kwao, fromaji inakwenda mbali. Wengine walikimbia wakati vita vilifika Sake mwaka 2024, wakakaa kambini upande wa Goma mpaka mwanzo wa 2025 kambi zilipovunjwa, na walirudi bila ng'ombe hata mmoja. Njo maana tulichagua fromaji. Biskwi wanaijua.

Mbele ya kutengeneza, mwanafunzi wa pedagojia afahamu kwanza kitu anachofundisha. Kwa kilo moja ya fromaji kunahitajika karibu litre 10 za maziwa. Maziwa yanachujwa kwa kitambaa safi, yanapashwa moto kidogo tu (joto la maziwa yanapotoka kwa ng'ombe, au chini yake kidogo), na kutiwa dawa ya kugandisha ambayo kwa asili inatoka katika tumbo la ndama. Baada ya nusu saa na zaidi yanashikana. Yanakatwa vipande vidogo, maji yake yanatolewa, na ile nyama ya maziwa inatiwa katika vyombo vyenye matundu na kukandamizwa. Kisha boule inalala katika maji ya chumvi, na mwishoni inakaa juu ya mbao, inageuzwa geuzwa kila siku mpaka ganda lake likauke na kuwa la manjano. Mtoto akiuliza tofauti na maziwa ya kuganda ya nyumbani, tumwambie hivi: yale yanaganda kwa uchachu wenyewe, hii inagandishwa kwa dawa na kukamuliwa maji, ndiyo sababu inadumu.

Sasa kazi yenyewe. Vitu vinavyotakiwa ni nusu kilo ya fromaji, kabichi moja kubwa (shu), nanasi moja lililoiva, karoti moja, punje mbili za maharagi meusi, na vijiti vya kusafishia meno. Hatuandiki bei, kwani bei ya Sake na ya Goma si moja, na barabara inaibadilisha kila mara. Nanasi si lazima. Lakini utamu wake na chumvi ya fromaji vinapatana sana, na Wajerumani na Waingereza waliokuwa wakitengeneza mnyama wa namna hii kwa karamu zao katika miaka ya 1970 walilijua jambo hilo.

Kama vijiti vya butiki vinakosekana, wavulana wachonge vya mwanzi, vyembamba, na kuvilainisha vizuri. Tunakataza kabisa vijiti vya ile miti ya lupango inayotoa maji meupe: maji yale yanachoma mdomo na yanaweza kuharibu macho.

Shu linakatwa katikati, sehemu bapa inalala juu ya sahani, na hapo mwili wa nungu umepatikana. Ncha ya karoti inafungwa mbele kwa kijiti, ni pua. Punje za maharagi zinakandamizwa katika matundu mawili madogo, ni macho. Mahali pa uso tusichome miiba yoyote. Hapa mwalimu apate nafasi ya kuuliza watoto: nungu anatupa miiba yake kama mishale? Karibu wote watajibu ndiyo, kwani nyumbani wanasikia hivyo. Sivyo. Nungu hawezi kutupa mwiba. Anaisimamisha, anarudi nyuma kwa kishindo, na miiba inang'oka yenyewe inapoingia katika adui. Basi watoto wachome vijiti vikilalia nyuma kidogo, kama nungu aliyetulia, na mnyama atafanana kweli.

Fromaji ikatwe ikiwa baridi, asubuhi, kwani jua likiipata inatoka jasho na kushikamana na kisu. Kisu kishikwe na wakubwa peke yao. Vipande viwe na sentimeta 1 na nusu kila upande, na hapa tulipiga hesabu. Kipande cha namna hii kinapima gramu karibu 4. Nusu kilo, yaani gramu 500, inatoa basi vipande karibu 125. Tukiwa na watoto 40, kila mmoja anapata 3, na vipande 5 vinabaki kwa mgeni anayechelewa. Wakiwa 60, tusikate vidogo zaidi mpaka viwe makombo: ni afadhali kila mtoto apate 2 vinavyoonekana.

Hesabu hii ndiyo moyo wa somo. Tunajua sote vile sahani ikiwekwa katikati ya watoto 40: wenye nguvu wanajaza mikono, na yule mdogo anayesimama nyuma anaona migongo tu. Kwa hiyo kila mtoto apewe vijiti 3, vipande 3 vya fromaji na 3 vya nanasi. Achome fromaji na nanasi katika kijiti, kisha apande vijiti vyake 3 katika mgongo wa nungu. Baada ya wimbo na maombi kila mmoja anapita kwa mstari, wadogo wakiwa mbele, na anachomoa 3. Hakuna anayeuliza kwa nini huyu amepata na mimi sikupata, kwani alivipanda mwenyewe na kuvihesabu. Mikono ya wote inanawiwa kwanza kwa sabuni, hilo halina mjadala.

Mtu mmoja katika kikundi chetu alisema kwamba nungu si mnyama wa Noeli, tungefanya kondoo. Tulifungua Luka sura ya 2. Tulikuta hori la kulishia ng'ombe, na wachungaji wenye makundi yao huko nje, lakini karibu na hori hakuna mnyama aliyetajwa kwa jina, hata ng'ombe, hata punda. Wale tunawaona katika picha tu. Basi nungu naye anaweza kuja.

Juu ya afya. Fromaji nyingi za milimani zinatengenezwa kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa, na maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba, ambao kwa mtu unaleta homa ndefu. Tununue boule iliyokauka vizuri, iliyokaa miezi miwili au zaidi, kwa mtu anayejulikana. Hii inapunguza hatari, haiimalizi. Kwa hiyo mama mwenye mimba aiache. Watoto wa chini ya miaka 3 wasipewe kijiti, walishwe kwa mkono vipande vilivyokatwa vidogo. Na hakuna kukimbia na kijiti mdomoni! Mwishoni vijiti vihesabiwe: kama vilitoka 120, virudi 120.

Mtoto anayekunja uso kwa harufu asilazimishwe. Aonje kidogo, na akikataa, jirani yake yuko.

Fromaji ikibaki ifungwe katika kitambaa kikavu, si katika sashe, kwani ndani ya sashe inatoka jasho na kuota ukungu. Zile punje za maharagi zisiliwe mbichi, zirudi katika chungu pamoja na zingine. Na shu lipikwe kesho yake. Matundu ya vijiti hayaharibu kitu.