Umeuza tairi kubwa, taa ya upepo ikawaka? Usirudishe hela kwanza

Mteja wa pikapu alinipigia amefura: "Dogo, tairi zako mbovu, taa imewaka!" Nusura nirudishe hela. Nikamuuliza, "Kaka, ukiwasha gari, taa inapepesa kwanza?"

Magari mengi, ikiwaka bila kupepesa, upepo uko chini. Ikipepesa kama dakika nzima ndo itulie, gari haisomi sensa. Yake ilipepesa. Kumbe fundi kafunga rimu mpya, sensa kaziacha kwenye rimu za zamani! Zinakaa ndani, pale pa kujazia upepo.

Sasa kabla sijatuma mzigo nauliza: unabadili na rimu? Na taa ikizima usimwambie yuko salama. Inafuata kipimo cha tairi za kiwandani. Tairi kubwa za mzigo zinaweza kutaka upepo zaidi na taa ikanyamaza.