PIKIPIKI YA MIZIGO INAKATA MLIMANI? ANGALIA FILTA YA MAFUTA

Wauzaji wenzangu, mteja wa Ikungi au Kiomboi hataki habari za pikipiki kuharibika. Anataka mzigo wake.

Pikipiki ya zamani ikitembea fresh tambarare halafu inakosa nguvu mlimani, inawezekana petroli haifiki vizuri kwenye kabureta. Petroli ya chupa za njiani huwa na uchafu na maji, na tenki la zamani lina kutu. Vyote vinaishia kwenye filta. Kuibadilisha unaweza mwenyewe nyumbani:

1. Zima injini, ipoe kabisa. Kaa nje, mbali na jiko na sigara.
2. Funga koki ya tenki, weka chombo chini.
3. Legeza vibanio kwa plaizi, chomoa mpira taratibu, toa filta.
4. Filta mpya ikiwa na mshale, uelekeze kwenye kabureta, siyo kwenye tenki.
5. Rudisha vibanio. Mpira ukiwa na nyufa, weka mwingine.
6. Fungua koki, subiri dakika 5. Ukiona hata tone moja, USIWASHE. Petroli ikigusa injini ya moto, pikipiki na mzigo vinateketea.

Filta ikijaa kutu tena haraka, osha tenki. Na usiitoe ukatembea bila filta, kabureta itaziba. Pikipiki isiyo na kabureta mpelekee fundi, mafuta yake yana presha kubwa.

Fanya siku moja kabla ya kupeleka mizigo, siyo asubuhi mteja anapiga simu.

Mtumie na mwenzako mwenye pikipiki.